Usiniambie Umetumwa

Wamefunga ng'enda, Kipng'eno! Leo mchana, wewe ukiwa Bomet unatafuta sanduku, lori la kampuni ya chai limekuja na nguzo za chuma na seng'enge mpya, na kabla maharagwe yangu hayajaiva walikuwa wamemaliza kuzungushia bonde lote la kulambia chumvi. Geti wameweka. Kufuli wameweka, kubwa kama kichwa cha paka. Ng'ombe zetu zimerudi nyumbani bila kulamba chumvi hata kidogo, zinalia kama watu waliofiwa.

Sasa ndiyo nakusalimu. Hujambo mwanangu, baba yangu, afande wangu. Mimi sijambo, isipokuwa nina hasira kiasi cha kwamba nimevunja kikombe nikikiosha, na sikujuta.

Usishangae kwamba hukusikia habari hii uliporudi. Nimemwambia kila mtu anayeingia kwa mlango wangu afunge mdomo mpaka utakaposhika njia asubuhi. Watu wamekuja kukuombea, na sitaki maombi yageuke kesi. Hata sasa nawasikia sebuleni wanaimba, baba yako anaimba kwa ile sauti yake ya kufukuza kuku, na wewe unapiga makofi. Mimi niko jikoni. Wanafikiri napika chai. Chai imeiva kitambo, inaweza kungoja, hata wao wanaweza kungoja. Barua hii nitaiweka chini ya chapati kwa begi, kwa sababu najua ni kitu gani utafungua kwanza.

Mambo ya soksi na sweta sitaandika. Kama hujui kufua shati hadi leo, aibu ni yako na ya msichana atakayekubali kuolewa na wewe. Nataka kukujibu lile neno ulilosema jana.

Labda umelisahau, kwako lilikuwa utani. Tulikuwa tumekaa nje, watu wa boma na majirani wachache, na wewe umevaa sare ili kogo, nyanya yako, akuone kabla hujaenda kuanza kazi. Na niseme ukweli wa Mungu, ulipendeza. Hakuna mtoto kutoka hapa hadi Kedowa aliyevaa nguo ya serikali ikamkaa namna ile. Huo urefu umeutoa kwangu, baba yako anajulikana alivyo, watu wasijidanganye. Nilikuwa nazunguka na birika nikiwagonga watu mabega kwa makusudi ili wainue macho wakutazame.

Ndipo Kerubo akakuuliza. Kerubo wa hapo kona, Mkisii wetu anayeuza ndizi, mume wake yuko kiwanda cha chai.

"Baba, na siku wakikutuma huku kwetu? Siku tukipigania ng'enda yetu?"

Ukanyoosha miguu, viatu vinang'aa. "Nitakuja, mama. Amri ni amri."

"Utanipiga mimi? Mimi niliyekulisha ndizi mpaka tumbo likafura kama ngoma?"

"Sitafika kukupiga. Mkiniona nashuka kwa lori mtakimbia wenyewe."

Wakacheka. Baba yako alicheka hadi akakohoa. Kerubo mwenyewe alicheka, akakuchapa na leso begani. Kogo hakusikia vizuri, akacheka kwa sababu wengine wanacheka. Mimi nilikuwa namimina chai kwa kikombe cha mchungaji wa kanisa letu, nikamimina hadi ikajaa kisahani na ikaanguka kwa suruali yake. Sikucheka.

Uliuona uso wangu ukanifuata mpaka mlangoni. Ukasimama hapo kama mwalimu, mkono kiunoni, ukanifundisha. Ulisema nisikasirike, ni mambo ya dola. Ulisema ndani ya mipaka ya nchi lazima kuwe na sauti moja ya mwisho, isiyo na nyingine juu yake, na sauti hiyo ni serikali. Hakuna wa kuiamrisha kutoka nje, hakuna wa kuibishia kutoka ndani. Ulisema kila kijiji kikiwa na sauti yake ya mwisho, hiyo si nchi tena, hiyo ni soko la Jumatano. Ndivyo mlivyofundishwa huko chuoni, na ulieleza vizuri. Mimi wa darasa la saba nilikuelewa kuliko unavyodhani. Nilitaka kukujibu pale pale, lakini mchungaji alikuwa anatafuta kitambaa.

Basi nikujibu sasa.

Ulikuwa mdogo mwaka ule wa kuhesabu watu. Kina mama waliokuwa wanaishi kwa nyumba za kampuni, ndani huko kwa majani, nao walikuwa wahesabiwe. Mimi nilikuwa nachuna chai zamu ile, niko karibu na geti kubwa nangoja kupimiwa. Nikamwona chifu amefika na wale vijana wa kuhesabu, chifu amevaa kofia yake yenye nembo, fimbo kwapani. Askari wa geti, kijana wa juzi tu, akamwambia, "Mzee, ngoja hapo nje. Meneja anakula." Na chifu akangoja! Jua linawaka, serikali nzima imesimama kando ya barabara inapangusa jasho kwa shingo. Serikali imekuja kuhesabu watu wake yenyewe na imeambiwa meneja hajamaliza nyama. Walipofunguliwa geti, chifu alisema asante. Nilimsikia kwa masikio haya.

Sasa wewe unaniambia sauti ya mwisho. Siku ile sauti ya mwisho ilikuwa ya nani, Kipng'eno? Ilikuwa ya mtu aliyekuwa anatafuna.

Usidhani nimechukia serikali kwa sababu ya uvivu wa kufikiri. Nimeichukia baada ya kufikiri sana.

Wacha nikurudishe kwa ng'enda, kwa sababu nyinyi vijana mnaona ni shimo la matope tu. Wewe hasa huna ruhusa ya kuliona hivyo, jina lako limetoka hapo. Siku niliyokuzaa ilikuwa siku ya kupeleka ng'ombe kulamba chumvi, baba yako hakuwepo nyumbani, alikuwa huko bondeni na ng'ombe, akarudi akakuta umeshafika bila yeye. Ule udongo mwekundu na yale maji yanayochemka bila moto, ng'ombe akilamba hapo maziwa yake yanakuwa mazito, hata mursik, maziwa yetu ya kugandisha, inashika vizuri kwa kibuyu. Na ng'ombe yangu mimi, unajua mwenyewe, hakuna ng'ombe kijiji hiki inayoifikia. Watu wa maziwa wanaponiona nakuja na debe wanapanga foleni nyuma yangu ili wapate baraka.

Kogo anasema, na yeye aliambiwa na mama yake, kwamba tangu zamani hakuna mtu aliyewahi kufukuzwa hapo na ng'ombe wake. Hata mtu mwenye kesi na wewe. Mnakutana ng'enda, mnanyamaza, ng'ombe zenu zinalamba pamoja, mkiondoka mnaendelea kuchukiana mkiwa juu ya kilima. Haikuwa ya mtu, na kwa hiyo ilikuwa yetu sisi wote.

Halafu akaja mtu na darubini ya miguu mitatu, akachungulia, akapiga vigingi, na sisi tukawa tuko upande wa huku na ng'enda iko upande wa kule. Wakaandika karatasi ya miaka mia tisa tisini na tisa. Mimi hiyo hesabu huwa inanichekesha hata nikiwa na hasira. Mtu anayeandika mkataba wa miaka kama hiyo alikuwa amepanga kufa lini? Uhuru ulipokuja bendera ilipanda juu na vigingi vilibaki chini. Juzi juzi hapa katiba mpya ikakata ile miaka, ikabaki tisini na tisa, tukapiga vigelegele barabarani. Nilipiga na mimi, na mimi nikipiga kigelegele kinafika Fort Ternan. Nilipofika nyumbani ndipo nikahesabu. Tisini na tisa! Mimi nitakuwa udongo, wewe utakuwa udongo, mtoto wako atakuwa mzee asiye na meno, na bado haijaisha.

Lakini miaka hiyo yote kampuni ilikuwa imeiacha ng'enda wazi. Pale bondeni chai haimei, wao hawakuwa na haja napo. Tulikuwa tunapita. Mpaka mimi nilipowapa.

Ndiyo, mimi. Hili unalijua kwa sababu kijiji chote kinalijua na hakuna anayenyamaza, lakini hujawahi kulisikia kwangu. Kampuni ilipoleta lile bomba la maji la hapo mpakani na shamba lao, walisema hawawezi kuongea na umati, wanataka mwenyekiti. Sisi hatuna mwenyekiti. Kokwet ni watu wote wa mtaa wamekaa chini, anayetaka kusema anasema, na hakuna kupiga kura, mnaongea hadi yule anayepinga achoke au awachoshe nyinyi. Ni kazi ya kuumiza kichwa na matako. Lakini ina uzuri mmoja, haina shingo. Mtu hawezi kuikaba.

Wakatafuta shingo, na shingo nzuri kuliko zote ilikuwa yangu. Walisema, "Mama Kipng'eno, wewe una sauti, wewe unajua kuongea na watu." Ni kweli, ninajua. Nikakubali kuwa mwenyekiti wa maji. Nilienda kwa ile sherehe nimevaa ile nguo ya harusi ya shangazi yako wa Kedowa, nikaongoza kina mama kwa wimbo nilioutunga mwenyewe usiku kucha, wimbo mzuri, nikawashukuru kampuni kwa kutukumbuka, nikaruka juu hadi kiatu kikatoka. Wakanipa kofia. Niliivaa hadi kanisani.

Kogo wako hakusimama siku ile. Wote tumesimama tunaimba, yeye amekaa kwa kiti cha plastiki kama mzigo. Nikamwendea nikamwambia, "Kogo, simama, watu wanaangalia." Akanitazama kuanzia kofia hadi miguu. Akasema, "Mwizi ameenda na ng'ombe, amekurudishia kamba, na wewe unamwimbia."

Nilimkasirikia mwezi mzima. Nilisema ni wivu wa uzee.

Leo nimejua alichokiona. Tuliposikia lori tulikimbia wote, mimi mbele. Meneja alikuwa pale, siku hizi si mzungu, ni kijana wetu, anaongea Kipsigis kutushinda. Nikaanza kupiga kelele. Akatoa simu mfukoni, akaigusa gusa, akanionyesha. Ni mimi! Ni mimi na kofia, naruka, naimba. Akaniambia kwa adabu sana, "Mama mwenyekiti, si mliletewa bomba ili muache hapa? Si ni wewe uliyeshukuru kwa niaba ya wote?"

"Ng'ombe inalamba bomba?" nikamuuliza. "Bomba lina chumvi?"

"Mtanunua ya duka, mama. Agroveti ziko."

Nikaitazama ile picha na nikaona kitu ambacho hakuna mtu aliyenifundisha. Kitu ni chako mpaka siku utakaposema asante kwa kupewa. Siku hiyo umesema mbele ya mashahidi kwamba mwenyewe ni yule. Hawakuhitaji kutuibia. Walihitaji tuwashukuru, na walijua mwanamke anayependa kushangiliwa anapatikana nyumba gani. Bomba lenyewe lina kufuli, na funguo iko kwa askari wao, akienda likizo tunakaa na kiu. Nikamsukumia simu yake. Kerubo ndiye aliyenishika mkono.

Sikiliza sasa, hapa ndipo barua yangu inaelekea.

Nilimwuliza yule kijana wa nguzo, yule anayechimba shimo, "Nani amekuambia uchimbe?" Akasema, "Mama, mimi nimetumwa." Dereva wa lori, ametumwa. Askari mwenye rungu, ametumwa. Nikarudi kwa meneja. "Mama, tusigombane bure, mimi mwenyewe nimetumwa na ofisi ya Nairobi." Na ofisi ya Nairobi? Imetumwa na wenyewe wa ng'ambo. Na wenyewe ni nani, kwa sababu kampuni imeuzwa tena juzi, tuliuzwa pamoja na maji yetu tukasikia kwa redio? Akasema ni watu wengi, wamenunua vipande vipande, hata hawajuani. Basi kuna mzee mahali fulani, kwenye baridi, amekaa na paka wake, ni wake huo mkono unaofunga ng'enda yangu na hajui kama kuna ng'enda duniani!

Chifu akafika akiwa amechelewa, kama kawaida yake. Nikamwambia, "Wewe ni serikali. Sema neno." Akasema yeye ametumwa kuweka amani tu, hiyo ni mali ya watu binafsi. Mwaka jana, uvumi wa seng'enge ulipoanza, nilienda Bomet kwa ofisi za kaunti, na wao walisema mambo hayo ni ya serikali kuu. Nikaenda kwa serikali kuu, mtu mmoja akaniambia bila kuinua kichwa kwamba ardhi hiyo iko kwa kaunti. Nilitembea kati ya milango hiyo miwili hadi askari wa mlangoni akaanza kuniita shemeji.

Nimetafuta mtu ambaye hajatumwa, Kipng'eno. Nimemtafuta kama sindano. Ulisema iko sauti moja ya mwisho isiyo na nyingine juu yake. Mimi nimeenda kuitafuta kwa miguu yangu na sijaipata, nimepata tu foleni ya watu, kila mmoja anaonyesha kidole mgongo wa aliye mbele yake.

Na msinidanganye kwamba sijasoma. Kile kitabu cha katiba walichotupa watu wa elimu ya uraia, cha Kiswahili, ninacho, nilikuwa nimefunikia maziwa. Nimekitoa nikasoma. Mwanzo kabisa kinasema mamlaka makuu yote ni ya wananchi. Nilisoma mara mbili nikasema, hawa watu ni wachekeshaji. Yote! Makuu! Halafu mwananchi akitaka kulambisha ng'ombe wake chumvi anaonyeshwa video.

Lakini nimewaza tena, na hapa usicheke. Jioni hii, kabla hujarudi, kokwet ilikaa. Tulikaa pale kwenye nyasi karibu na josho la ng'ombe. Sammy, binamu yako, mwenye mdomo, akaanza kwa kusema wageni wakae kando, hili ni jambo la wenyewe, ardhi ya mababu. Alikuwa anamwangalia Kerubo. Watu wakatazama chini.

Kerubo akasema, "Sawa, nitakaa kando. Na mbuzi zangu nizikalishe wapi, Sammy? Zimezaliwa hapa, hazijui Kisii."

"Sijakutukana, mama. Nimesema tu kila mtu ana kwao."

Nikainuka. "Sammy, huyu mama amelala kwa nyumba ile ya mabati hapo kona miaka ambayo wewe ulikuwa bado unalowesha godoro. Wakati kampuni inafunga geti leo, ulikuwa wapi? Ulikuwa unanyolewa. Yeye alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili na askari anamvuta mguu. Ukitaka kujua wenyewe wa ng'enda ni nani, uliza ni nani alikuwepo."

Akakaa chini, ingawa ule uso wake ulikuwa bado umesimama. Tuliongea mpaka tukachoka. Hakuna aliyekuwa mwenyekiti, mimi hasa sikuwa, nilikaa chini kabisa karibu na watoto na niliumia, kwa sababu napenda sana kuwa mbele. Na hakuna hata mmoja, katika wote waliokaa pale, aliyesema ametumwa. Kila mtu alikuwa amekuja. Mzee kipofu alikuja ameshikwa mkono, lakini alikuja. Nikafikiri, kama kile kitabu hakikuandikwa na wachekeshaji, basi labda kilikuwa kinasema juu ya nyasi hizi.

Sijui, mwanangu. Si mimi niliyesoma chuo. Najua tu kwamba hiyo serikali yako siijui kwa uso, naijua kwa mikono. Na sasa mkono wake mmoja ni wako. Mkono huo niliuosha mimi, nikaukata kucha, nikauchapa ulipoiba sukari. Wakiuinua juu ya mtu, watakuwa wameinua kitu changu bila kuniomba ruhusa, na mimi si chifu, mimi siwezi kusimama nje ya geti nikasema asante.

Usiseme nakuambia uasi. Watu watasema hivyo ukiwasomea barua hii, kwa hiyo usiwasomee. Nimejigamba juu yako soko zima, nimemwambia hata mwanamke wa mboga kwamba ukipanda cheo mara mbili tu utakuwa mkubwa kuliko mume wake. Nataka uende. Mwizi wa kuku akikimbia, mkimbize, una miguu yangu. Mtu akimpiga mke wake, mfunge. Kikosi chako ni cha lori, leo mko huku, kesho kule, na mkubwa wako atakuambia shuka na utashuka. Nayajua hayo.

Neno ni moja tu ninalokukataza. Usiniambie umetumwa. Wala mimi, wala mtu mwingine yeyote utakayesimama mbele yake na rungu. Mimi nilipokuwa naruka na ile kofia, nilisema moyoni nimetumwa na kina mama, si ndio walinichagua? Ilinisaidia kutofikiri. Ni neno tamu sana, mwanangu, unalitia mdomoni kama peremende, na linapokwisha unakuta umefanya jambo na hakuna aliyelifanya. Kama umekuja kunipiga, sema, "Mama, nimekuja kukupiga." Ukiweza kulisema, piga. Ukiona haliwezi kutoka mdomoni, hapo utakuwa umejua sauti ya mwisho iko wapi, na hutahitaji kufundishwa na mama wa darasa la saba.

Wamemaliza kuimba huko. Baba yako anaita chai. Ngoja niandike haraka.

Kokwet imepanga hivi. Hatutakata seng'enge, hatutarusha jiwe, anayebeba panga abaki nyumbani alime. Tutapeleka ng'ombe tu, zote za kijiji, na mbuzi na kondoo, tusimame nazo pale kwenye geti mpaka lifunguliwe, hata kama ni kulala. Ng'ombe zenye hamu ya chumvi zina kelele kuliko mimi, wacha waone. Hatukuficha. Chifu ameambiwa, meneja ameambiwa, hata kituo cha polisi kimepelekewa habari, kwa hiyo mtaletwa watu kutoka mahali, na huenda lori likawa lenu.

Sammy hakuniacha hivi hivi. Tulipokuwa tunainuka akasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, "Na yule afande wako, mama? Siku hiyo si ndiye atatutawanya? Jana alisema mwenyewe."

Watu wote wakasimama wanitazame. Baba yako alijifanya anatafuta fimbo yake. Ningeweza kusema ulikuwa unatania. Ningeweza kusema utakuwa mbali. Mimi nikasema, "Mwanangu atakuja."

"Atakuja upande gani wa geti?"

"Wewe leta ng'ombe zako," nikamwambia, "upande utauona."

Kerubo akanifuata njiani akaniuliza kama nina hakika. Nilimwambia nina hakika kabisa. Wewe ndiye unajua kama nilimdanganya.

Ni Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, mapema, umande ukiwa bado kwa majani. Watu wote wanakuja.